Muuzaji anamuuliza kijana wangu, na mimi mnunuzi nimesimama hapo hapo

*Shangazi shikamoo,*

Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Kirumba, Mwanza, na nauza dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni. Macho yangu yaliharibiwa na presha ya macho. Kwa sasa nachoweza kutofautisha ni mchana na usiku tu. Biashara sikuiacha. Dagaa hahitaji kuonwa: nikiingiza mkono kwenye gunia najua huyu kaanikwa juu ya chanja na huyu kalazwa mchangani, na nikimvunja karibu na sikio najua kama amekauka au bado ana maji. Wateja wangu wa Shinyanga na Kahama wananiagiza kwa simu bila kuja kukagua.

Shida ni hiyo simu yenyewe. Nina kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe. Kila meseji ya pesa lazima nisomewe na mtu, na anayenisomea anajua nimeingiza ngapi na nimebaki na ngapi. Mwenzangu mmoja asiyeona, mwalimu, ana simu ya tachi inayomsomea kila kitu, anatuma pesa mwenyewe na anajibu WhatsApp mwenyewe. Nikasema na mimi ninunue.

Nilikwenda mjini na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 22. Dukani muuzaji akamuuliza yeye, "Bi mkubwa anatafuta ya shilingi ngapi?" Nikajibu mimi. Akamgeukia tena kijana: "Anaweza kutumia tachi kweli?" Nikanyoosha mkono nishike simu iliyokuwa kaunta, nikasikia, "Mama, taratibu, utaangusha." Duka jingine walinipa boksi nilipapase, kumbe kwao hapo nimeshaonyeshwa simu. Nilipoomba walifungue niwashe nisikie kama inaongea, wakasema boksi likifunguliwa limeshauzwa.

Mwisho tukanunua kwingine kwa shilingi 320,000. Muuzaji alisema ina RAM, ile kumbukumbu ya kuendeshea simu, GB 4 na nafasi ya kuhifadhia vitu GB 64, "na kuongea inaongea, mama, ondoa shaka." Nililipa kwa simu. Aliyebonyeza ni kijana, namba yangu ya siri anaijua siku nyingi. Kufika nyumbani, simu kimya. Jirani yangu fundi simu akaiangalia akasema ni GB 2 kwa 32. Nikarudi dukani, nikasomewa kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti niliyopewa imeandikwa kwa mkono, ina neno "simu" na bei, basi.

Halafu nikaja kusikia kwamba kijana wangu alipewa 30,000 na muuzaji. Nilipomuuliza akasema, "Mama mdogo, hiyo ni hela ya winga, kila mtu anapewa."

Dada yangu anasema kipofu na simu ya kioo wapi na wapi, hela hiyo ningeongezea mtaji. Na mimi nilikuwa na mpango wa kununua jiko la presha la umeme, maana mkaa umenichosha. Sasa nauliza, Shangazi: simu hii nifanyeje? Siku nyingine niende peke yangu au na nani? Na huyu kijana nimfanye nini, wakati yeye ndiye macho yangu?

*Mama Dagaa, Kirumba*

---

Marahaba, Mama Dagaa.

Tuanze na simu, kwa sababu siku zinavyokwenda ndivyo muuzaji anavyozidi kukusahau.

Huenda hiyo simu si bubu. Simu nyingi za Android zinakuja na programu inayoitwa TalkBack ambayo husoma kwa sauti kila kilicho kwenye kioo, ila inakuwa imezimwa. Shika vitufe viwili vya sauti, cha kuongeza na cha kupunguza, uvibane pamoja kwa sekunde kama tatu hivi. Ikikubali utaisikia ikianza kusema. Isipokubali, jirani yako aingie kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, aitafute hapo. Akiikosa kabisa, aingie Play Store apakue Android Accessibility Suite, ambayo TalkBack imo ndani yake, na ni ya bure. Kuna simu za bei ya chini zinazouzwa bila hiyo programu. (Kichekesho ni kwamba mjini hapa kuna watu wanaobana vile vitufe viwili kwa bahati mbaya, simu inaanza kuongea, kupangusa kunagoma, wanakimbilia kwa fundi wakisema simu imeharibika. Fundi anabana vitufe vile vile viwili na kuchukua hela yake.)

Ikianza kuongea huenda ikaongea Kiingereza, na Kiswahili ikikisoma kwa sauti hiyo hutaelewa kitu. Usikate tamaa hapo. Sauti ya Kiswahili ya Google ipo, inapakuliwa kwa bando kutoka kwenye mipangilio ya kusoma maandishi kwa sauti. Mwambie fundi aiweke kabla hajakurudishia simu. Kisha akufundishe mambo mawili tu kwa kuanzia: kupitisha kidole kimoja kulia ili usomewe kitu kinachofuata, na kugonga mara mbili ili kukifungua. Hayo mengine mwalimu wako atakuonyesha vizuri kuliko fundi yeyote, maana yeye ndiye anayeitumia akiwa haoni.

Hata hivyo simu ya GB 2 ikibebeshwa na TalkBack inakuwa nzito. Unagusa, inanyamaza, unagusa tena, inasoma vitu viwili kwa mpigo. Kwa hiyo hoja yako kwa muuzaji isiwe "haiongei", maana hilo atalimaliza kwa dakika mbili mbele ya watu na wewe utaonekana ndiye hukujua. Hoja yako iwe hii: uliniambia GB 4 kwa 64, ukanipa 2 kwa 32. Hilo halibishaniwi, simu yenyewe inalisema kwenye mipangilio.

Kabla ya kurudi, fanya jambo moja nyumbani. Bonyeza \*#06#, zitatokea tarakimu 15, ndiyo IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Kama simu ni ya laini mbili zitakuwa IMEI mbili. Itume moja kwa meseji kwenda 15090, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, utajibiwa ni simu ya kampuni gani na ya aina gani. Utaratibu huu tunao tangu wakati ule wa kuzimiwa simu feki, Juni 2016, na kwa mtu asiyeona una faida ambayo wengi hawajaifikiria: muuzaji anaweza kukuwekea simu yoyote kwenye boksi lolote, lakini jibu la 15090 unasomewa na unayemwamini, au na simu yako mwenyewe. Jibu likitofautiana na maandishi ya kwenye boksi, una kesi nzito kuliko ya GB.

Rudi dukani na jirani fundi, usirudi na kijana. Nenda asubuhi siku ya kazi, kabla duka halijajaa. Usidai hela yote irudi, ingawa ungekuwa na haki ya kujaribu. Dai kubadilishiwa upewe ile uliyoahidiwa, hata kama utaongeza kidogo. Muuzaji wa simu kurudisha fedha ni kama kung'olewa jino, lakini kubadilisha bado anauza. Ushahidi unao hata kama risiti ni karatasi: ile meseji ya malipo ina kiasi, tarehe, saa na jina la aliyepokea. Usiifute.

Akikuonyesha tena kibao chake, mwambie kwa upole kwamba kibao kinamlinda dhidi ya mtu aliyebadili mawazo. Wewe hukubadili mawazo, ulipewa kitu kingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza inayopokea malalamiko ya walaji. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayokataza ubaguzi. Lakini ushauri wangu: sheria zije mwisho. Ukiingia nazo mlangoni, muuzaji anakuwa mwanasheria ghafla na simu mnaisahau. Na duka linalouza simu ya laki tatu kwa risiti ya mkono huwa halipendi maongezi marefu kuhusu risiti. Mtajie EFD, ile mashine ya risiti za kodi, mara moja, kisha nyamaza.

Sasa namba ya siri. Hili nimelisoma kwenye barua yako kama jambo la kupita, na mimi ndilo lililonistua kuliko yote. Ibadilishe leo. Kiswaswadu chako kinatosha. Kitufe cha 5 kina kidoti unachokihisi kwa kidole, ukishakipata vingine vyote unavijua vilipo. Menyu za pesa zinakwenda kwa namba, kwa hiyo mtu akusomee njia yote mara moja, wewe uikariri kama unavyokariri namba za wateja wako: bonyeza hiki, kisha hiki, kisha hiki. Ikifika mahali pa namba ya siri, simu iwe mkononi mwako na yeye asogee pembeni. Ukishindwa, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao wako wenyewe, usiende kwa wakala wa mwavuli. Na ukihamia kwenye simu inayoongea, vaa spika za masikioni kabla hujaanza kubonyeza, isije ikatangaza tarakimu zako Mwaloni nzima.

Kuhusu kijana nitakuwa mkweli kwako na kwake pia. Cha juu kipo. Mjini hapa anayeleta mteja anapewa chochote, awe winga, bodaboda au jirani, na hakuanza kwako wala hataishia kwake. Kosa lake ni kwamba alikuwa amesimama upande wako huku akilipwa na upande wa pili, na hakukwambia. Umesema ndiye macho yako, lakini ukisoma barua yako mwenyewe utaona alikuwa zaidi ya macho: alijibu maswali, alishika simu, alibonyeza malipo. Ulimwachia ununuzi mzima. Mwite, ongea naye kama mama mdogo wake, mwambie ile 30,000 ilitoka kwenye simu yako na unataka kujua anairudishaje, hata kwa kubeba magunia. Usimfukuze. Ila kuanzia sasa nauli na chakula chake unamlipa wewe waziwazi, na kazi yake dukani iwe kusoma kilichoandikwa na kukwambia kilicho mbele yako. Bei unataja wewe. Muuzaji akimuuliza, ajibu neno moja: "Muulize mwenyewe." Mfundishe hilo nyumbani, maana dukani ataona aibu.

Unauliza uende peke yako au na nani. Kwa kununua simu ningependa uende na mtu anayejua simu na asiyekuwa na cha kupata, kama yule mwalimu. Wasioona wawili kaunta moja? Ndiyo. Muuzaji hatakuwa na wa kumgeukia, itabidi aongee na ninyi. Kama mwalimu hana nafasi, ulizia wanachama wa Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, waliopo hapa Mwanza. Hao wanajua duka lipi linakubali kufungua boksi na lipi linafukuza mikono, na habari hiyo huipati kwenye tangazo lolote.

Maana hapo kwenye boksi ndipo penye vita yenyewe. Anayeona akiambiwa asifungue, bado ameshaona simu ya maonyesho iliyowashwa kwenye kioo. Wewe ukipewa boksi hujapewa kitu. Kwa hiyo usianze na "nataka simu". Anza hivi: "Nina fedha taslimu, nataka simu ambayo nitaiwasha na kuisikiliza hapa kabla ya kulipa. Unayo ya maonyesho, au utanifungulia?" Akisema hapana, toka. Usibembeleze. Kati ya Makoroboi, Rwagasore na Rock City Mall simu hazikosekani, na muuzaji wa pili akisikia mwenzake amekosa mauzo atafungua haraka. Kama ana hofu ya boksi lililofunguliwa, mkubaliane wazi: ikiongea na GB zikiwa ni zile alizosema, unanunua, kinyume chake, anafunga.

Beba spika zako za masikioni. Yale maduka yana spika kubwa mlangoni zinazotangaza bei chee tangu asubuhi, na simu ikiongea humo ndani hutaisikia. Kuzibeba kutakusaidia pia kujua kama simu ina tundu lake, maana nyingine siku hizi hazina.

Halafu ipapase kama unavyopapasa dagaa wako, na usimruhusu mtu akuharakishe. Tafuta vitufe vya sauti na cha kuwasha: vimepishana vya kutosha, au vimebanana hadi utakuwa unazima ukitaka kuongeza sauti? Pa kusoma alama ya kidole pako wapi? Pakiwa kwenye kitufe cha ubavuni au nyuma ya simu penye kishimo, utapapata gizani. Pakiwa chini ya kioo, utakuwa unatafuta doa lisiloshikika kila unapofungua simu. Kwa mtu asiyeona hiyo siinunui hata kwa punguzo. Ingiza chaji mwenyewe. Ile ya Type-C inaingia pande zote mbili, ya zamani ina upande wake, na kuikosea kila siku kunaharibu tundu. Mwisho kabisa, ukiwa umevaa spika zako, ingia kwenye mipangilio usikie mwenyewe RAM ni GB ngapi na nafasi ni ngapi. Chini ya GB 4 usikubali.

Simu ikishapita hapo, dai risiti ya mashine iliyotaja aina ya simu, na kwenye kadi ya waranti waandike IMEI, mtu akusomee tarakimu moja moja ukilinganisha na zilizotajwa na simu. Ndipo ulipe, na kubonyeza unabonyeza wewe. Ukilipa taslimu, noti zetu zinapishana urefu, elfu kumi ndiyo kubwa kuliko zote, zipange nyumbani kwa mafungu ili usizihesabie kaunta.

Baadaye ukizoea simu, kuna programu nyingine zitakazokufaa ukiwa dukani. Lookout ya Google inasoma maandishi ya kwenye boksi kupitia kamera. Be My Eyes, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, inakuunganisha kwa video na mtu wa kujitolea akakwambia anachoona. Ni nzuri, lakini zinakula bando, na kwa boksi la simu la Mwanza, WhatsApp ya video kwa mtu unayemwamini itafanya kazi ile ile kwa Kiswahili chenu. Kamera tu isielekee kwenye namba ya siri.

Dada yako nimemsikia. Mwambie mtaji unaosomewa na watu wengine ni mtaji wa kila mtu. Yeye mwenyewe angependa nani amsomee salio lake?

Na jiko: nunua, lakini kwa masharti yale yale ya mkono kwanza. Majiko ya presha ya umeme yako ya aina mbili ukiyapapasa. Moja lina kioo laini mbele, kila kitu ni cha kugusa, na kidole chako hakitajua kama kimegusa wali au maharage. La pili lina kitasa cha kuzungusha, au vitufe vinavyobonyea na kulia "pii". Chukua hilo la pili. Muuzaji akikusifia la kioo kwamba ndiyo la kisasa, mwachie. Ukifika nyumbani mtu akuonyeshe vitufe vya mapishi unayopika kila siku, kisha weka tone nene la rangi ya kucha juu ya kila kimoja, lisubiri likauke, uweke jingine juu yake. Tone moja kwa wali, mawili kwa maharage. Pale dukani omba uufunge na kuufungua mfuniko mwenyewe, usikie unavyojifunga na ushike kile kivalvu cha kutolea mvuke ujue kinalala upande gani, kwa sababu jiko likiwa la moto si wakati wa kukitafuta kwa kidole.

*Shangazi*